Mwaka Tuliporudishiana Mihuri

Kwa miaka mingi muhuri wa karakana yangu ulilala kwenye droo ya jirani yangu wa kushoto, na wa kwake ulilala kwenye droo yangu. Hatukuona ajabu yoyote. Ofisi ikitaka kununua madawati au makabati ilidai kwanza karatasi tatu za bei, tunazoziita proforma, kutoka kwa mafundi watatu tofauti. Basi mtu wa ofisi akifika kwangu, sikumsumbua kuzunguka mtaa mzima wa Murara, hapa Goma. Nilimpa kiti, nikaandika bei yangu, kisha nikaandika bei ya jirani wa kushoto, juu kidogo ya yangu, nikaigonga muhuri wake. Halafu nilivuka kwa jirani wa kulia, mama mmoja fundi wa milango, naye akagonga wake kwenye bei ya juu zaidi. Kabla mgeni hajamaliza soda yake, karatasi tatu zilikuwa mkononi mwake na kazi ilikuwa yangu. Jambo hilo tuliliita kusindikizana. Leo unanisindikiza, kesho nakusindikiza.

Najua wapo watakaokunja uso wakisoma haya. Wakunje. Sisi hatukujiona wezi hata kidogo. Tulijiona majirani, na ujirani katika mji huu si jambo la mchezo. Ardhi ikitetemeka usiku, anayekugongea mlango ni jirani, si ofisi.

Jirani wa kushoto nilimwita Muzee, ingawa nilipomkuta mvi zake zilikuwa bado za kuhesabika. Yeye alitoka Rutshuru. Mimi nilitoka Butembo na msumeno mmoja, randa mbili, na mke mwenye mimba ya kwanza, na sikuwa na mahali pa kuweka hata meza ya kazi. Alisogeza mbao zake upande mmoja, akaniambia niweke meza yangu chini ya bati lake mpaka mvua ziishe. Mvua ziliisha, zikaja nyingine, nami bado nipo, na hakuniuliza siku hata moja nitaondoka lini. Kiwanja cha pembeni kilipopatikana, ni yeye aliyenisemea kwa mwenyewe. Kwake walisema Kinyarwanda, kwangu Kinande, na kwenye uzio tulisema Kiswahili cha Goma, ambacho hakina mwenyewe na kwa hiyo kilitutosha wote.

Habari za sheria mpya ya manunuzi ya serikali zilitufikia kama habari zote zinavyotufikia, yaani zikiwa zimechakaa njiani. Mmoja alisema mafundi wasio na kompyuta watafungiwa. Mwingine alisema kazi zote zitakwenda kwa watu wa Kinshasa. Mimi nilisema ni maneno ya redio tu, yatapita. Kisha ikaja barua yenyewe, imepigwa chapa vizuri: baada ya miezi mitatu hakuna ofisi ya jimbo itakayonunua kwa proforma tatu tena, na mafundi wadogo wanaotaka kuendelea kuuzia serikali waje kwenye mafunzo ya siku tatu katika ukumbi wa parokia.

Nilikwenda kwa sababu ya njaa, si kwa mapenzi ya sheria. Mwaka huo mashirika yaliyokuwa yakinunua vitu kwetu yalikuwa yamefunga milango moja baada ya nyingine, na kazi niliyobaki nayo ilikuwa majeneza. Jeneza ni kazi ya heshima, sikatai. Lakini fundi anayeishi kwa majeneza peke yake huanza kuharibika roho. Jumapili moja nilijikuta kanisani nikimpima kwa macho mzee aliyekaa mbele yangu, urefu na mabega, na mzee wa watu alikuwa anaimba tu. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba nisipopata kazi ya madawati kabla shule hazijafunguliwa, nitauza mashine ya kuranda mbao na tutarudi Butembo kuanza upya kwa ndugu. Hakunibishia. Kesho yake alianza kuuliza majirani nani angependa kuchukua kuku wake, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Aliyetufundisha alikuwa mwanasheria kijana, msichana mdogo kuliko binti yangu wa kwanza, amevaa raba kwa sababu ya mawe ya uwanja ule. Tulimwita Maître, kama wanasheria wote wanavyoitwa kwetu. Alieleza taratibu, bila kutuona wajinga. Kazi itatangazwa mahali pa wazi. Kila fundi ataandika bei yake peke yake, ataifunga ndani ya bahasha, ataileta kabla ya saa iliyowekwa. Bahasha zitafunguliwa mbele ya watu wote na bei zitasomwa kwa sauti. Na ndani ya bahasha kila mtu ataweka karatasi ya kiapo aliyoisaini: bei hii ni yangu, sikupatana na mtu. Atakayeonekana amedanganya ataondolewa kwenye orodha.

Mwisho wa siku ya kwanza alitupa zoezi. Tujifanye tumetangaziwa kazi ya madawati arobaini. Kila mtu aende nyumbani akaandae bahasha yake kama vile ni kweli, na tusiulizane bei. Aliposema tusiulizane alitutazama sisi watatu tuliokaa benchi moja, kwa sababu tulikuwa tumeanza tayari kuinamiana.

Hatukuulizana. Tuliambiwa tusiulizane, na sisi ni watu watiifu tukiambiwa kwa adabu. Lakini usiku ule kila mmoja wetu alikaa na karatasi yake akifikiri. Mimi nilifikiri hivi: mara ya mwisho kusindikizwa nilikuwa mimi, kwa hiyo safari hii si zamu yangu, na si vizuri kumzuia mwenzangu njia hata kama ni mchezo. Nikaandika bei ya juu sana. Nikafunga bahasha nikiwa na amani moyoni.

Asubuhi Maître alizifungua mbele ya ukumbi mzima. Bei yangu ilikuwa dola tisini kwa dawati moja. Ya Muzee ilikuwa tisini na tano. Ya mama wa milango ilikuwa mia moja na kumi, kwa ubao wa kukalia mtoto wa darasa la kwanza. Kila mmoja wetu alikuwa amemsindikiza mwenzake, na aliyesindikizwa hakuwepo. Mafundi tulishindwa zoezi, likachukuliwa na mfanyabiashara mmoja wa saruji, ambaye hajui hata msumeno unashikwa upande gani. Ukumbi ulicheka mpaka padri akachungulia mlangoni. Maître hakucheka. Alituuliza kwa upole ni nini kimetokea, na mama wa milango, ambaye hana uongo, akasimama akamjibu.

“Maître, haukutuambia ni zamu ya nani.”

Basi ikabidi kueleza, na wa kueleza nikawa mimi, kwa sababu nina mdomo. Nilisimama na hasira yangu yote. Nilimwambia kwamba karatasi yake inaita njama kitu ambacho sisi tunaita ujirani. Nilimweleza jinsi Muzee alivyonipokea. Nilimweleza kwamba fundi akikosa kazi mwezi mzima, mwenzake anamwachia njia, na kwamba serikali iliyoshindwa kutupa hata barabara ya kupitisha mbao isije kutufundisha kupendana. Watu walipiga makofi. Nilikaa chini nikijiona nimeshinda kesi.

Alingoja makofi yaishe. Alisema ameelewa, na kwamba baba yake mwenyewe ni fundi wa viatu na anajua maisha ya karakana. Kisha akaniuliza jambo moja.

“Papa, nyinyi munasindikizana, ni sawa. Na mutoto wa shule mwenye kuikala chini kwa mawe juu makuta ya mabanki iliisha, ule nani anamusindikizaka?”

Mabanki kwetu ni madawati, na makuta ni fedha. Nilijua, kama alivyojua kila fundi mle ndani, kwamba ukiwa na hakika ya kushinda hupunguzi bei. Ofisi iliyotaka madawati hamsini ilipata arobaini, na watoto wa yale kumi walikaa walipokaa. Sikuwa nimewahi kuwatazama hao watoto. Niliinama nikafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Nilibaki na hasira kwa wiki nzima, maana ukweli ukiambiwa na mtoto una uchungu wa pekee. Leo namshukuru yule msichana kila ninapopita karibu na parokia ile. Angeweza kutucheka pamoja na wengine, na tungekwenda zetu tukiwa wajinga walewale, tena wenye kinyongo.

Baada ya mafunzo tulirudishiana mihuri. Hatukupanga sherehe, lakini ilikuwa kama sherehe. Mama wa milango alileta ndizi za kuchoma, Muzee akatoa viti, na tukafungua droo zetu. Kwenye droo yangu nilikuta muhuri wa Muzee umechakaa mpaka herufi zimelainika. Wa kwangu, alioutoa yeye kwenye kitambaa safi, ulikuwa kama mpya. Nililiona hilo na sikulifikiria. Nilidhani tu kwamba yeye ni mtu wa kutunza vitu na mimi ni mtu wa kuharibu, jambo ambalo pia ni kweli.

Kisha zikaja wiki za karatasi. Namba ya kodi, cheti cha karakana, kitambulisho, barua ya mtaa, nakala ya hiki na nakala ya kile. Foleni ya mama wa milango na yangu ilikuwa moja, na tulikula karanga pamoja huku tukichunga tusizungumze mbao. Ukiwa umezoea kuongea mbao na mtu kila siku ya Mungu, kunyamaza ni kazi nzito. Tuliongea mvua mpaka mvua ikaisha maneno. Muzee macho yake hayakuwa mazuri tena, kwa hiyo fomu zake nilimsomea mimi, na nilimwandikia majibu yake yote. Tulipofika kwenye mstari wa bei aliichukua karatasi, akageukia ukutani, akaandika mwenyewe taratibu, akafunika kwa kiganja. Nilicheka. Yeye hakucheka, alikunja karatasi akaitia bahasha.

Hiyo ilikuwa fomu ya kazi ya kweli. Zabuni ya kwanza chini ya sheria mpya iliyotuhusu ilikuwa madawati mia na ishirini ya shule moja ya Kibati, nje ya mji, na ilitangazwa kwenye ubao nje ya ofisi, kila mtu akaisoma. Madawati mia na ishirini yangetosha kuniweka Goma. Nilipiga hesabu yangu mara tatu, nikapunguza nilipoweza kupunguza, nikafika dola thelathini na nane kwa dawati moja. Chini ya hapo nisingeweza kwenda. Nilijua mama wa milango hawezi kufika bei hiyo, madawati si kazi yake. Muzee naye nilijua, au nilidhani najua: hana mashine, ana mikono tu, na kazi ya mikono ina gharama.

Pamoja na hayo sikulala. Tumbo lenye njaa halina sheria. Siku tano kabla ya kufunguliwa bahasha nilikwenda kwa Muzee alasiri. Alikuwa ananoa msumeno, na uwanjani kwake walikuwepo wajukuu watano waliofika miezi michache nyuma kutoka Rutshuru, wakikimbia vita, mkubwa akiwa na miaka kumi hivi. Walikuwa wamekaa juu ya vipande vya mbao wakikoboa maharagwe. Niliwasalimia, wakanisalimia kwa mikono miwili, kisha nikavuta kiti karibu na babu yao. Nilianza mbali, kwa habari za mke wangu na kuku wake. Mwishowe nikasema nilichokuja kusema. Kwamba ni mara ya mwisho. Kwamba hatuhitaji kuandikiana wala kugongeana mihuri, aniambie tu bei aliyoweka, na ikiwa iko chini ya yangu abadilishe bahasha, muda bado upo. Nilimkumbusha kwamba hata yeye niliwahi kumsindikiza.

Aliendelea kunoa jino moja la msumeno mpaka akalimaliza.

“Nilishaka saini, mudogo yangu,” akasema.

Aliuliza tu kama ningependa chai. Niliondoka bila kunywa, na kwetu kukataa chai ya mtu ni kumtukana bila kufungua mdomo. Kwa siku tano sikumpa salamu. Nilipita mbele ya uzio wake nikitazama upande wa mlima kama mtu anayekagua mawingu. Moyoni nilisema kikulacho ki nguoni mwako, na maneno mengine ambayo sitayaandika kwa sababu mke wangu atasoma hapa.

Siku ya kufungua bahasha tulikuwa mafundi saba kwenye chumba cha ofisi, tumekaa kwenye viti vya plastiki. Nilichagua kiti cha mbali na Muzee. Karani alikata bahasha moja moja kwa wembe, akatuonyesha kwamba kila moja ilikuwa bado imefungwa, akasoma jina la karakana, kisha bei. Wa kwanza dola arobaini na nne. Wa pili arobaini na mbili. Mama wa milango hamsini, akajicheka mwenyewe. Yangu ilisomwa ya tano, thelathini na nane, na nikasikia watu wakivuta pumzi. Nilianza kumshukuru Mungu hapohapo kitini. Ya sita arobaini na moja.

Ya saba ilikuwa ya Muzee. Karani aliisoma, akasimama, akaitazama tena karatasi, akasoma mara ya pili ili aandike vizuri. Dola ishirini na tisa.

Walimwita mbele. Walimuuliza, kama sheria inavyotaka bei ikiwa ya chini mno, aeleze atafanyaje dawati kwa fedha hiyo bila kuharibu kazi. Hakueleza kwa maneno mengi. Aliomba kipande cha karatasi, akachora ubao mmoja mrefu, na ndani yake akachora mbavu mbili za dawati, yaani vipande vya pembeni vyenye mteremko, mmoja umesimama na mwingine umepinduliwa kichwa chini, mteremko wa huu umelalia mteremko wa ule. Mkato mmoja wa msumeno unazaa pande mbili, na hapaanguki kipande cha kutupa. Mimi maisha yangu yote nilikuwa nakata kila ubavu peke yake, na pembetatu zilizobaki nilimpa mke wangu awashie moto. Ubao uliokuwa ukinipa madawati mawili ulimpa yeye matatu. Aliongeza kwamba madawati yake yaliyoko katika shule za Rutshuru watu waende wakayatazame, yana umri wa mwalimu mkuu. Wale watu wa ofisi walitazamana, wakaandika jina lake.

Nilitoka nje. Watu walidhani ninalia kwa kushindwa, na mama wa milango akaja kuniambia kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Sikuwa nalilia zabuni. Nilikuwa napiga hesabu ya nyuma. Mchoro ule haukuzaliwa jana. Muzee alikuwa akikata mbao namna ile tangu Rutshuru, kabla mimi sijaijua njia ya Goma. Maana yake, kila dawati nililouza kwa proforma tatu, miaka yote ile, yeye angeweza kulifanya kwa bei ya chini kuliko yangu, na alilijua hilo. Alikuwa ameniachia muhuri wake, nafungua droo yangu, nautoa, nagonga bei ambayo si yake, nanyakua kazi, namletea soda. Ndiyo sababu muhuri wake ulikuwa umelainika. Mimi alinisindikiza mara zisizo na idadi. Mimi nilimsindikiza yeye mara mbili, na ya pili nilikwenda kumdai.

Ada ya shule ya wanangu ilitoka mle. Bati la nyumba yangu lilitoka mle. Mashine yenyewe ya kuranda, ambayo nilijivuna nayo mbele yake kwamba mikono imepitwa na wakati, ilitoka kwenye madawati ya hospitali moja aliyoniachia mwaka ule mtoto wetu wa tatu alipolazwa.

Kwa siku mbili aibu ilinizuia kuvuka uzio. Siku ya tatu alivuka yeye, na karatasi mkononi. Alikuwa amewaandikia watu wa ofisi, kwa mkono wa mjukuu wake, kuomba ruhusa kwamba mbao zirandwe kwenye karakana ya jirani mwenye mashine, kwa bei inayojulikana na kuandikwa, na walikuwa wamemjibu kwa barua kwamba inaruhusiwa. Maître ndiye aliyemwelekeza kwamba jambo hilo linafanyika mchana, kwa karatasi, si kwa kunong'onezana. Kazi ya kuranda mbao za madawati mia na ishirini si utajiri. Lakini mashine haikuuzwa, na kuku wa mke wangu walibaki kuwa wa mke wangu.

Nilimkaribisha, nikamwekea chai mwenyewe kwa mkono wangu, na safari hii nilikuwa mimi niliyeogopa kwamba atakataa. Alikunywa. Nilimwomba anisamehe kwa zile siku tano, akafanya ishara ya mkono kama anafukuza nzi. Ndipo nikamuuliza kwa nini. Miaka yote ile, kwa nini hakuwahi kuandika bei yake ya kweli.

Alifikiri, kana kwamba ni jambo la zamani sana analolitafuta.

“Ulikuwaka na batoto bane ku masomo,” akasema. “Bangu balikuwa balishamaliza. Sasa ni miye niko na batano. Hata weye ungefanya vile.”

Hata mimi. Alisema kwa urahisi, bila hila, kama mtu anayeamini kabisa anachosema. Akageuka kutazama mbao zilizoanza kushushwa langoni na kuuliza tuanze na zipi. Nilisimama nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikamshukuru kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyarwanda kidogo ninachokijua, lakini jambo moja sikumwambia. Kwamba siku ile nilipokwenda kumwomba abadilishe bahasha, wale watoto watano walikuwa wamekaa pale mbele yangu, nami niliwasalimia mmoja mmoja kabla sijavuta kiti.